Futikamba na Mikeka ya Mama Mkwe

Ukimwona Futikamba amekaa nyuma ya cherehani yake utadhani ni suruali iliyokunjwa na mlevi: goti huku, kiwiko kule, shingo imeinama kama bomba lililogongwa na lori. Mrefu, mwembamba, na futi kamba ya kupimia inaning'inia shingoni kutwa nzima, ndiyo maana hata mkewe alishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Wengine husema anaoga nayo. Huo ni uongo. Anaivua, anaitundika msumarini, ndipo anaoga.

Lakini kwa kazi, mpe haki yake. Akikuona unavuka barabara, kabla hujafika ng'ambo ameshajua kiuno chako, na ameshajua pia kwamba mwaka jana ulidanganya uliposema umepungua. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Mama alilea watoto wanne kwa cherehani ile ile, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika ubavuni, na Futikamba alikulia chini ya meza yake akiokota pini kwa sumaku. Siku mama anakata roho hakutaja mbingu wala malaika. Alisema, "Ile cherehani itie mafuta." Basi, wosia wote ndio huo. Na mtoto aliutii. Miaka kumi na nane aliitia mafuta, akashonea mitaa mitatu, akaoa, akapata mabinti wawili, na mabati ya nyumba yake yakalipwa na pindo za suruali za watu.

Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje mahali pa kuipakia cherehani ya marehemu mama yake kwenye mkokoteni, mchana kweupe, watu wanaona? Upumbavu haupigi tarumbeta ukija. Wa Futikamba ulikuja na kilo mbili za nyama.

Ilikuwa hivi. Kinyozi, ambaye kibanda chake kimebanana mabega na baraza la Futikamba, alikuja kushonewa zipu, na wakati anasubiri, taulo kiunoni, akawa anachezea simu.

"Fundi, tia hela ya soda hapa. Chagua nani anashinda."

"Mimi mpira siujui."

"Nani anaujua? Chagua tu."

Futikamba akatazama picha za wachezaji, akachagua timu moja kwa sababu kola za jezi zao zilikaa vizuri. Timu ikashinda. Jioni akaingia nyumbani na nyama, mkewe akauliza imetoka wapi, akajibu, "Kuna mteja kalipa deni la zamani." Uongo wa kwanza huo, umekaangwa na vitunguu, na nyama ikishaingia mdomoni hakuna anayeihoji.

Siku ile aliishika kwa tarehe, kwa saa na kwa rangi ya sufuria. Siku alizoliwa hela baada ya hapo, na zilikuwa nyingi kama vifungo kwenye kopo, ukimuuliza alikuwa anakuna kichwa.

Hela ya soda ikawa hela ya unga. Hela ya unga ikawa hela ya kodi ya baraza. Haukupita mwaka, Futikamba akawa anaiamkia simu kabla ya kuamkia watu. Alijua timu za nchi ambazo hata ungempa ramani na tochi asingezionyesha. Mechi za wanaume zikiisha anahamia kwa wasichana wa chini ya miaka kumi na tisa wa huko kwenye theluji, watoto ambao hajawahi kuwaona, hajui hata kama wana viatu, lakini anawapigia magoti: "Fungeni, wanangu, fungeni, baba yenu nakufa huku!" Wanawe wa kuwazaa walikuwa chumba cha pili wanaomba daftari.

Akishinda, alisema ni akili yake. Akiliwa, alisema ni refa. Akiliwa mara tano mfululizo, alisema sasa zamu yake imekaribia, kana kwamba hasara ni foleni ya zahanati, ukikaa sana lazima uitwe. Na kila alipoliwa aliweka tena mara mbili yake, ili aikomboe ile iliyokwenda. Ukimpeleka mbuzi amtafute mbuzi aliyepotea, jioni unakosa wawili.

Mkewe anafua mashuka kwenye dobi ya hospitali, mikono imekunjamana kwa sabuni. Akiuliza hela ya matumizi, aliambiwa wateja hawalipi. Wateja wakiuliza nguo zao, waliambiwa mke anaumwa. Muuza nyuzi akija kudai, aliambiwa kuna msiba. Njia ya mwongo ni fupi, wamesema wahenga, lakini Futikamba yake alikuwa anaifumua pindo kila asubuhi irefuke kidogo.

Na kazi nayo ikaanza kumsuta. Mwalimu mkuu alileta kitambaa cha koti la kuozeshea binti yake. Futikamba alikikata huku redio ikitangaza mechi, na goli likaingia pale pale alipotakiwa kugeuza kitambaa. Mwalimu alipokuja kujaribu, akaingiza mkono wa kushoto, safi kabisa. Akaingiza wa kulia, kiwiko cha koti kikatazama mbele, kifundo kikatazama nyuma. Fundi alikuwa ameshona mikono miwili ya kushoto.

"Fundi, huu mkono unakwenda wapi?"

"Utakaa, mwalimu. Ukizoea utakaa."

"Nizoee mimi, au azoee aliyeniumba?"

Mtaa mzima ulicheka siku tatu. Kinyozi peke yake hakucheka sana. Yeye naye hubeti, lakini ana sheria yake: hela ya soda moja, kila Jumamosi, ikiliwa anakunywa maji na kwenda kulala. Alimvuta Futikamba pembeni akamwambia, "Sikiliza, ndugu yangu. Mimi nacheza. Wewe unachezwa."

"Una wivu tu," akasema Futikamba. "Unaogopa nikitoka kimaisha nitanyoa kwingine."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Na pengine angeendelea hivyo hadi auze mlango wa nyumba, kama si mama mkwe.

Mama mkwe alihamia kwao miaka mitatu nyuma, baada ya goti lake la kulia kugoma. Alikuja na sanduku, mzigo wa ukindu wa kusukia mikeka, na heshima, na katika vitu vyote vitatu heshima ndiyo iliyokuwa nzito. Akapewa chumba cha nyuma. Kwa malezi yake, mwanamke hasemezani ovyo na mume wa binti yake, kwa hiyo akiwa na neno la kumwambia, alikuwa analiambia birika.

"We birika," atasema, huku anamimina chai, "hebu muulize mwenye nyumba kama leo atarudi mapema."

Na Futikamba, macho chini, atajibu, "Birika, mwambie mama kazi ni nyingi."

Birika lile lilijua mambo ya nyumba ile kuliko majirani wote, na kwa majirani wale hiyo si sifa ndogo.

Sasa, wachezaji wa simu wana lugha yao. Mtu akiunganisha timu nyingi pamoja, hii na hii na ile, anaita mkeka, kwa sababu umesukwa. Timu zote zikishinda, mwenyewe analala juu yake kama sultani. Moja ikiteleza, moja tu, basi mkeka umechanika na hela imekwenda. Mama mkwe hakuijua lugha hiyo. Yeye mkeka aliujua mmoja, wa ukindu, alioanza kuusuka akiwa na miaka tisa. Na katika umri wake wote hakuna kiumbe aliyewahi kumwambia kwamba mkeka wake umechanika. Kuchakaa, sawa. Kuungua, sawa. Kuibwa, mara mbili. Kuchanika? Thubutu!

Jumamosi moja, jua linazama, akamsikia mkwe wake kizingitini, sauti ya mtu aliyeng'olewa jino: "Aaa! Mkeka umechanika!"

Kule chumba cha nyuma vidole vya bibi vikasimama. Mkeka wa nyumba ile aliusuka yeye, zawadi ya harusi ya binti yake. Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akapiga goti moja, lile linalokubali, akaukagua ukili kwa ukili kutoka pembe hadi pembe. Mzima.

"Birika," akasema, "humu ndani kuna mtu macho yake yanahitaji kufuliwa."

Hata hivyo hakutaka maneno. Alikaa wiki mbili akasuka mpya, wa rangi tatu, akamwekea mlangoni. Futikamba aliupokea kwa mikono miwili. Alijua kabisa kwa nini umesukwa. Lakini kusema "mama, si mkeka huu" kungemlazimu aseme ni mkeka upi, kwa hiyo akasema, "Birika, mwambie mama ahsante sana."

Jumamosi iliyofuata: "Mkeka umechanika, Mungu wangu!"

Bibi akasuka wa pili. Ukachanika. Akasuka wa tatu, mgumu kama ngozi ya kifaru, ukindu ukimkata vidole hadi akawa anavifunga vitambaa. Futikamba aliviona vile vitambaa. Vilikuwa vipande vya kazi yake mwenyewe, vya kitambaa cha mwalimu mkuu. Aliona aibu, aliiona kabisa, imekaa mbele yake kama mgeni. Akaifunika kwa mechi ya saa mbili.

Yaliyovunja nazi yalitokea Ijumaa jioni. Futikamba alikuwa uani, anaongea na kinyozi kwa simu, na hasira zimempanda.

"Timu ya nyumbani ndiyo imenichania mkeka! Ndiyo, timu ya nyumbani! Watu nimewaamini, kumbe wananila tu! Wamelala! Na yule mkongwe wa nyuma, yule goti bovu, anafanya nini pale hadi leo? Si wangemtoa zamani!"

Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi.

Mama mkwe hakula usiku ule. Alilala ubavu mmoja, anatazama ukuta, anahesabu. Timu ya nyumbani ni watu wa nyumbani. Wananila tu ni yeye na chai yake ya vijiko viwili. Mkongwe wa nyuma, goti bovu, hilo halihitaji mkalimani. Kumbe mikeka yote mitatu alikuwa anamsukia mtu anayemwita mla bure!

Asubuhi hakusemezana hata na birika.

Futikamba naye siku ile alikuwa na lake. Alikuwa ameshachukua hela ya ada ya mabinti, iliyofichwa na mkewe ndani ya mto, akaiweka yote kwenye mkeka wa timu tisa wa mchana. Na kama hiyo haitoshi, alikuwa amemwita mwenye duka la rehani aje aichukue cherehani. Ni kwa siku moja tu, alijiambia. Wa mchana ukiingia, sawa. Usipoingia, hela ya cherehani inasuka mkeka wa jioni, wa jioni unaikomboa ada, ada inarudi kwenye mto, cherehani inarudi barazani, na mke hajui kitu. Hesabu safi kabisa. Kila hasara ilikuwa na nguo yake ya kuvaa.

Saa tisa mwenye rehani akafika, mtu mnene mwenye sauti laini kama muuguzi anayekuficha sindano. Akamhesabia hela, Futikamba akazitia mfuko wa shati. Msukuma mkokoteni akaibeba cherehani, akaifunga kamba mara mbili. Mahali pake barazani pakabaki vumbi la miaka, limeacha umbo la miguu minne.

"Polepole kwenye mashimo," Futikamba akasema. "Ile pedali huwa inachomoka."

"Nitaitunza kama mama yangu," akasema mwenye rehani.

"Ni mama yangu," akasema Futikamba. Akatazama simu. Timu nane zilikuwa zimeshashinda. Imebaki moja, na dakika thelathini.

Hapo ndipo watu walipoanza kugeuka. Mama mkwe alikuwa anakuja katikati ya barabara, fimbo mkono mmoja, mikeka mitatu kichwani, nguo kajifunga kibwebwe, na goti lake bovu linapiga hatua kama linadai fidia. Alifika mbele ya mkokoteni akaitupa mikeka chini, akaikunjua mmoja mmoja kwa ncha ya fimbo, hapo hapo kwenye vumbi.

"Haya! Nyie watu wa hapa mna macho! Nionyesheni palipochanika!"

Kinyozi akatoka na wembe mkononi, mteja kichwa nusu kimenyolewa, nyuma yake.

"Bibi, kulikoni?"

"Wewe kinyozi, muulize mkwe wangu. Mimi simsemeshi. Muulize nani kamchania mkeka. Kasema ni sisi watu wa nyumbani! Kasema tunamla! Kaniita mkongwe wa nyuma, goti bovu, nitolewe! Basi nimetoka! Ila kabla sijaenda nataka kuona tundu. Tundu liko wapi?"

Kinyozi alimtazama bibi, akaitazama mikeka, akamtazama Futikamba aliyekuwa anajaribu kujificha nyuma ya futi kamba yake mwenyewe. Ikamwingia. Alicheka hadi akakaa chini. Yule mwenye kichwa nusu naye akacheka, na msukuma mkokoteni, na hata mwenye rehani tumbo likamtikisika.

"Bibi," kinyozi akasema akifuta machozi, "samahani, bibi yangu. Si mkeka huu. Ni wa kwenye simu. Kamari. Timu ya nyumbani ni ile inayocheza kwao. Goti bovu ni beki."

"Beki ni nani?"

"Mchezaji, bibi. Wa nyuma."

Kwanza ilionekana kama goti la bibi limepata nafuu. Halafu macho yake yakatoka kwa kinyozi, yakaenda kwenye mkokoteni, yakaona ile kamba, yakaona kilichofungwa na ile kamba. Vicheko vikafa kimoja kimoja.

Miaka mitatu hakuwahi kumtazama usoni mkwe wake. Sasa alimtazama.

"Imechanika mingapi?"

"Mama..."

"Nimekuuliza wewe. Hapa hakuna birika. Imechanika mingapi?"

Na Futikamba, anayejua kiuno cha kila mtu katika mitaa mitatu, na mguu gani wa mwenyekiti wa sokoni ni mrefu kuliko mwenzake, hakujua. Kinyozi akaichukua simu, akafungua pale inapoandikwa michezo iliyopita, akaanza kushusha. Akashusha. Akashusha tena. Kidole kikachoka, akabadilisha.

"Mia mbili na kumi na tatu," akasema taratibu. "Iliyoingia sita."

"Sita?" Futikamba akasema. Alikuwa na hakika ni kama thelathini.

"Mimi nimesuka mitatu vidole vikatoka damu," bibi akasema. "Wewe mia mbili, tena haina hata pa kukaa."

"Mama, nisikilize." Maneno yakaanza kumtoka mbio. "Leo ni ya mwisho. Nane zimeshaingia, bado moja tu, iko kwao na inaongoza, dakika kumi zimebaki. Ikiingia narudisha kila kitu na naacha. Isipoingia, basi nimejifunza, naacha. Vyovyote vile naacha. Nakuapia. Hawa wote mashahidi."

"Mmesikia?" bibi akawauliza watu.

"Tumesikia."

"Basi tusubiri. Mimi nimekaa zaidi ya hapo nikisubiri maji yachemke." Akajikalisha kwenye mkeka wake mmoja, mguu umenyooka mbele ya gurudumu la mkokoteni. Mwenye rehani akatazama saa, akatazama mguu, akaona asubiri.

Dakika ya themanini na tisa wageni wakasawazisha. Ya tisini na tatu wakafunga. Kinyozi akasoma, akaikunja midomo, akamrudishia Futikamba simu.

Futikamba aliipokea. Na kabla hajasikitika, kidole chake gumba kilikuwa kimeshafungua ukurasa mwingine na kinatafuta mechi ya saa kumi na moja. Hakukituma. Kilikwenda chenyewe, kama mguu wa mtu wa cherehani unavyokanyaga hata akiwa usingizini. Mkono mwingine ulikuwa umeshagusa mfuko wa shati.

Fimbo ya bibi ikatua juu ya kile kidole. Si kwa nguvu. Ilikigusa tu.

"Hicho kinakwenda wapi?"

Futikamba akakitazama kidole chake. Alikitazama sana, kama kimeshonwa mkononi mwake na fundi mwingine.

"Mama," akasema, "nilisema naacha."

"Umesema. Tumekusikia."

"Na nilimaanisha. Wallahi nilimaanisha."

"Najua ulimaanisha. Nakuuliza kidole."

"Sikukituma, mama. Sikukituma kabisa." Na hapo sauti ikamvunjika, jitu zima refu, katikati ya barabara. "Ningekuwa peke yangu, hela hii isingefika saa kumi na moja. Nikiliwa narudi, nikishinda narudi. Mimi huu mchezo siuwezi. Siuchezi, ni mimi ninayechezwa."

Mwenye kichwa nusu alitazama pembeni.

Futikamba akatoa hela mfukoni. Ilimchukua muda, ungedhani mfuko umeshonwa mdomo. Alizishika, akazitazama, kidole gumba kikazipapasa mara ya mwisho, halafu akamnyooshea mwenye rehani.

"Fungua kamba."

"Bwana fundi, biashara ni biashara, tumekubaliana. Na usumbufu wangu je? Na mkokoteni?"

"Chukua mkeka mmoja," bibi akasema kutoka chini. "Wa katikati, ule mgumu. Kalale, usumbufu utapungua. Wa pili mpe huyu wa mkokoteni. Na kama hutaki, pitisha gurudumu hapa," akalipiga goti lake. "Hili bovu tayari, hutaharibu kitu."

Mwenye rehani alichukua mkeka. Aliupima kwa mikono, akaubonyeza, na uso wake ukakiri kwamba hajapunjwa.

Kinyozi akamwonyesha Futikamba mahali kwenye simu ambapo mtu anaweza kujifungia mwenyewe nje ya kamari: mwezi, mwaka, au moja kwa moja. Kumbe kitufe hicho kipo siku zote, kimejificha chini kabisa kwa maandishi madogo, wakati kitufe cha kuweka hela ni kikubwa kama sahani. Futikamba akabonyeza moja kwa moja. Haikupita saa ukaingia ujumbe wa kampuni nyingine ya kamari: rafiki mpendwa, tunakukaribisha, pokea zawadi. Mapenzi ya namna hiyo hata wakati wa uchumba hakuwahi kuyapata.

Mkewe alirudi kutoka dobi jioni, na njiani alikuwa ameshasimuliwa mara nne, kila mara mikeka inaongezeka. Futikamba alimngoja mlangoni akamweleza yote, na ule mto pia, ambao mtaani walikuwa hawaujui. Huo ndio uliomkalisha mwanamke chini.

"Ada?"

"Ada."

"Nilikuwa nalalia mto mtupu?"

"Wiki hii yote."

Mke hakulia wala kupiga kelele. Alisema, "Usiniombe msamaha leo. Na usiniahidi kitu, baba watoto, ahadi zako ninazo hadi hazina pa kukaa. Wateja watanilipa mimi. Simu yako itakaa na mimi. Muuza nyuzi nitamfuata mwenyewe, na mwalimu, nimwambie ukweli, usiniambie nani kafiwa." Akaenda kulala na mabinti zake, na alilala huko hadi miezi miwili ikaisha.

Ama cherehani, mama mkwe alitoa hukumu yake bila kuulizwa: itakaa chumba chake cha nyuma, na anayetaka kuiweka rehani alipite goti. Kwa hiyo Futikamba, mwanamume mzima mwenye ndevu, anashona chumbani kwa mkwewe, kitanda cha mkwewe upande huu, nguo za mkwewe msumarini upande ule, na wateja wanapigia hodi dirishani. Na yule bibi aliyekaa miaka mitatu hamsemeshi, sasa hanyamazi. Anamweleza habari za ukindu, habari za goti, habari za marehemu mumewe ambaye karata zilimla baiskeli mbili na ng'ombe, jambo ambalo hata binti yake hakuwahi kuambiwa. Futikamba anakanyaga pedali na kuitikia, "Ndiyo, mama."

Wiki ya saba aliteleza. Aliazima simu kwa mteja, akasema anapiga nyumbani, akaweka hela ya vifungo. Ikaliwa. Siku mbili alishona kimya, sindano inamchoma kila baada ya mshono, na ule uongo umeshakatwa tayari, umebaki kushonwa tu: angesema vifungo vimepanda bei. Siku ya tatu akasimamisha gurudumu kwa mkono.

"Mama, Jumanne nilicheza. Hela ya vifungo."

Bibi akaweka ukindu chini.

"Nani kakukamata?"

"Hakuna."

"Unaniambia mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na mama watoto nitamwambia akirudi."

Bibi akamnyooshea kidole, akakikunja.

"Leo usingoje arudi," akasema. "Vaa viatu, mfuate huko huko dobi. Uongo ukilala usiku mmoja zaidi unaamka na ndugu zake."

Futikamba akavaa viatu, akatoka, futi kamba shingoni, miguu mirefu ikikwepa madimbwi, kuelekea hospitali.